Kopo la Oili Jikoni kwa Bibi

Juzi nilikwenda Mahongole kwenye msiba, na wakati wa kurudi Makambako nikaomba gari lisimame kwenye lile banda la zamani la kusagia mahindi. Ukuta mmoja umeanguka, lakini injini bado ipo, kutu tupu. Na juu yake, amini usiamini, kile kikombe kidogo cha kioo hakijavunjika.

Wewe hukuiona ikifanya kazi, rafiki yangu. Enzi za Mwingereza, aliyeiendesha ni babu yangu. Oili ilikaa kwenye kile kikombe, ikadondoka tone moja moja kwenye chuma kinachozunguka, na babu alikuwa akiyatazama matone yale kutwa nzima. Yakizidi, banda linajaa moshi. Yakipungua, chuma kinashikana. "Mashine hainung'uniki," alizoea kusema. "Ikichoka, inauma."

Ila baridi ya kwetu unaijua. Mwezi wa sita oili inakuwa nzito kama asali, haidondoki. Kwa hiyo kila alfajiri kopo la oili lilipashwa jikoni kwa bibi, kando ya mafiga, jirani na chungu cha uji wa ulezi, nami nikalipeleka bandani. Bibi alinung'unika kwamba hata pombe ya ulanzi ya wageni inanuka mashine. Lakini kopo hakulinyima nafasi hata siku moja.

Asubuhi moja sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imelala majanini kama chumvi. Bibi alikuwa amekwenda Njombe, akaniachia jiko. Nilichelewa kuamka. Nikafukua viazi majivuni, nikala huku naota moto, na kopo nikalisahau nje. Babu alipoita, nikalibeba vilevile, nimelishika kwa kile kishikio chake cha waya.

"Limepata moto, mke wangu?" Ndivyo alivyoniita, utani wa babu na mjukuu.

"Limepata, babu."

Akina mama walikuwa wamejipanga na vikapu vya mahindi. Babu akamimina, akawasha, injini ikaanza kutwanga. Matone hayakushuka. Akadhani tundu limeziba, akainama kugonga kioo kwa kidole, na gurudumu likamshika mkono wa koti. Yowe la wale akina mama ninalisikia mpaka leo.

Hospitalini walimkata mkono wa kulia. Mwenye mashine alipokuja kuuliza kama oili ilipashwa, babu alijibu akiwa kitandani, nami nimesimama miguuni pake: "Ilipashwa. Mjukuu wangu hasemi uongo. Ni macho yangu yamezeeka."

Kazi akapewa mtu mwingine. Babu akawa anakaa kibarazani, koti limening'inia upande mmoja, anaisikiliza injini ikitwanga ng'ambo ya bonde. Bibi hakuweka tena kitu chochote pale kando ya mafiga lilipokuwa likikaa kopo. Mara ngapi nilifungua mdomo nimwambie babu, nikaufunga kwa woga. Alikufa akiwa bado ananisifu kwa majirani.

Siku hizi Makambako wanasaga kwa umeme, na hakuna mtoto anayejua kwamba oili ilikuwa ikipashwa kama uji. Juzi niligusa kile kikombe. Kilikuwa cha baridi.

"Halikupata moto, babu," nikasema kwa sauti.

Dereva akapiga honi, nikaondoka.