Bia ya Marakuja ya Katungi

Pale Misiera, kwenye kambi ya wakimbizi, hakuna aliyebisha: kasiksi ya Sidonie, ile pombe ya ndizi ya kwao Kivu Kusini, haikuwa na mpinzani. Sifa zikafika mpaka Mbarara, kwa Katungi, mwenye baa inayojipikia bia yake yenyewe. Akamwita. Aje aionje bia mpya ya marakuja mbele ya wateja, kisha aanze kazi ya kupika, na chumba cha kulala atapewa.

Chumba! Sidonie alikitaka chumba hicho kuliko mshahara. Macho ya binti yake Olga yalikuwa yanafifia, na daktari wa hospitali ya macho ya Ruharo, huko huko Mbarara, alitaka kumwona kila wiki. Kutoka kambini kila wiki, nani ataweza? Kliniki walizokosa zilishazidi walizofika, na mtoto alikuwa ameanza kupapasa ukuta.

Basi akavaa kitenge chake cha kanisani, huyo akaenda. Wateja wamejaa, simu zimeinuliwa kumpiga picha. Katungi akamkabidhi glasi inayomwaga povu. Sidonie akaishika, akangoja.

Alingoja nini? Kwao, anayekupa pombe huionja yeye kwanza, unamwona kwa macho yako, ndipo anakupa. Asiyeonja ana lake jambo. Marehemu kaka yake Elisée alilipuuza hilo kwenye matanga kule Fizi, akapokea kikombe cha jirani, na kabla jua halijatua alikuwa ametapika mpaka roho ikamtoka. Sidonie ndiye aliyemshika kichwa.

"Patron, onja kwanza," akasema kwa heshima zote. "Kisha nitakunywa."

Katungi akacheka. "Mama, mimi mlokole. Mimi hapana kunywa pombe."

"Kidogo tu, patron. Lowanisha mulomo tu."

Mteja mmoja akaangua kicheko. "Katungi! Kama wewe unaogopa bia yako, sisi je?" Wengine wakadakia. Mwanamke mmoja akaisogeza glasi yake mbali, na uso wa Katungi ukakunjamana.

"Nimekuita hapa kwa uzuri, unasema mimi naweka sumu?"

"Hapana, patron, ni desturi ya kwetu..."

"Rudi na desturi yako kambini! Kazi hakuna."

Jamani, adabu ile ile aliyolelewa nayo ndiyo iliyomponza! Hasira zikampanda mpaka hofu ikamtoka. Akaigugumia glasi yote pale pale, mbele yao. Sumu haikuwamo. Ilikuwa bia nzuri, kali kidogo ulimini kisha tamu, tamu sana, na utamu huo ukamuuma kuliko kufukuzwa.

Alipofika nyumbani, Olga alikuwa amekaa mlangoni. Hakumtambua mama yake mpaka Sidonie alipomwinamia, mtoto akamnusa.

"Mama, unanukia marakuja! Balikupatia kazi? Tutahama siku gani?"

Sidonie akamshika mkono, akamwingiza ndani.

"Balinipatia bia tu, mutoto wangu."