Majana ya Koleta

Koleta alikuwa mchaguzi wa chakula. Ugali wa mtama alikula kwa adabu tu, lakini ukimtajia majana, wale watoto wa nyuki weupe wanaolala ndani ya sega, macho yalimlegea. Mumewe Nikolaus alikuwa mrina asali. Kila aliporudi kutoka porini alisimama kwanza mlangoni, akamega kipande cha sega lenye majana, akamlisha mkewe kwa vidole vyake vinavyonuka moshi. Sisi majirani wanawake tulikuwa tukiona wivu, sifichi.

Nikolaus alifariki muda mfupi kabla ya Operesheni Vijiji kutuhamishia huku karibu na Isikizya. Mizinga yake ikabaki kule mahameni, kwenye makazi tuliyoyaacha. Tangu hapo Koleta hakuwa na neno jingine. "Natamani majana, hata mara moja tu, kabla sijafa."

Bernardo, katibu wetu wa kijiji, naye akaona huo ndio wakati wa kuleta hoja mkutanoni kwamba kula majana kupigwe marufuku.

"Ndugu zangu, tunatafuna vichanga vingali hai! Vimemkosea nani? Asali tuchukue, watoto tuwaache."

"Na kuku unaowapeleka Tabora mjini wakining'inia miguu juu kwenye baiskeli, Ndugu Katibu?" jirani yetu Ngollo akamdaka. "Wao wanafurahia safari?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Bernardo hakucheka. Alisema ni kweli, kuku nao wanaumia, na zamu yao itafika. Mkutano ukaahirishwa hadi Jumapili, baada ya misa, ndipo tupige kura.

Nilirudi nyumbani nimefura. Mjane wa watu ana hamu moja tu duniani, nayo mnataka kuifungia mlango! Nikaenda kwa Anton, mrina wa kijiji, nikamsihi amletee Koleta sega lenye majana kabla ya kura.

Akalileta kwa Koleta, nami nikiwapo, kwenye sahani, limefunikwa vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mungu akubariki."

Koleta akamega, akatafuna taratibu, kisha akaiweka sahani chini. Machozi yakaanza kumtiririka.

"Yameharibika?" nikamuuliza.

"Mazuri kabisa," akasema, akaisogeza sahani upande wangu. Nami nikayala, yalikuwa matamu kweli.

Jumapili nikasimama kumwombea ruhusa ya peke yake, maana niliamini alilia kwa kuogopa ile marufuku. Bernardo, kwa huruma, akakubali: mama huyu aendelee kula maisha yake yote. Nikaketi nikijiona nimeshinda.

Koleta akainuka, akajifunga kanga yake vizuri.

"Pigeni marufuku, na mimi nimo. Anton ameniletea, nimekula. Utamu ni ule ule, haukupungua hata kidogo." Akanigeukia mimi. "Kumbe miaka yote hii sikuwa na hamu ya majana. Nilikuwa namtaka Nikolaus, anilishe pale mlangoni."

Akainua mkono kupiga kura, kabla hata Katibu hajauliza.