Ng'ombe wa Kaka Ndaki Ndani ya Kompyuta

Kaka yangu Ndaki wa Sapiwi hachinji ng'ombe ila kwa harusi au msiba, na hata hapo hununa wiki nzima. Wanawe wamekua kwa dagaa wa Lamadi huku zizi limejaa. Mimi dada yake nimechoka kumsema.

Miaka ile biashara ilipoachiwa huru na kila mwenye mizani akanunua pamba, mjini Bariadi vilizuka vibanda vya kila namna. Cha Shija kilikuwa cha michezo ya kompyuta. Kijana huyo alimtaka Wema, binti wa Ndaki, na Ndaki alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Siku moja ya mnada Shija akaona amlainishe mzee: akamkaribisha wacheze wawili, bure. Nami nikaingia, maana umbea hauna kiingilio.

Mchezo ulikuwa wa kujenga himaya. Kila mmoja anapewa kijiji, machimbo ya dhahabu na ng'ombe. Dhahabu hununua chakula cha askari, na ikichimbwa hairudi. Ng'ombe huzaana, mradi uache dume na majike. Shija alichimba kama ana ugomvi na ardhi, na ng'ombe wake akawala mapema. Ndaki, alipokwisha kuonyeshwa pa kubonyeza, alichunga tu. Vijana walicheka mpaka jenereta haikusikika. Ng'ombe wake wakajaza kioo.

Dhahabu ya Shija ikaisha, askari wake wakaanza kufa njaa. Ndaki akauliza kama inaruhusiwa kumpelekea jirani mifugo. Inaruhusiwa. Akampelekea nusu ya kundi, madume na majike.

"Nakuachia uchunge," akamwambia.

Kwetu neno hilo hata mtoto analijua. Ng'ombe wa kuachiwa, maziwa kunywa, mbolea chukua, ndama ni wa mwenyewe, kisu usiguse. Shija ni Msukuma kwa baba na mama, lakini tamaa ya kushinda ilikuwa imemlevya. Akawachinja wote, askari wakashiba, wakaenda kuichoma kaya ya Ndaki. Akaruka juu kwa furaha.

Kaka akachukua fimbo yake. "Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Baba, huo ni mchezo tu."

"Dhahabu uliimaliza, nikanyamaza. Ng'ombe wanaojizalia wenyewe nao umewamaliza. Binti yangu nikikupa, atadumu?"

Nilimwonea huruma Shija, na nilifurahi vilevile, sitaficha. Ndaki akatoa hukumu: kioo kijae ng'ombe tena, ndipo posa izungumzwe. Basi kijana akaanza upya, hachimbi, anachunga. Kila mnada Ndaki alikuja kukagua, akinyoosha fimbo kwenye kioo na kuuliza yule mwenye mabaka kaenda wapi. Wateja wakahamia kwingine. Wema alimpelekea uji Shija, akicheka nyuma ya kiganja. Posa ikapokelewa pamba ilipokwisha kuvunwa.

Siku ya mahari, Shija na wazee wake waliswaga ng'ombe hadi Sapiwi. Ndaki akawakagua meno na pembe, akaridhika. Kisha akatenga mitamba wawili na dume mmoja mchanga, akamkabidhi mkwewe kamba.

"Nakuachia uchunge," akasema. "Hawa wana nyama."

Shija aliipokea ile kamba kwa mikono miwili.