Nilivyomnyang'anya Mama Hadija zamu za maji kwa laptop yangu, mfereji ukanifundisha kazi

Wakuu, heshima mbele.

Hii kitu nimeikalia miaka. Juzi nimeona vijana humu wanabishana framework ipi kali ya kutengenezea website, mpaka wanatukaniana wazazi, nikasema ngoja niwaletee kisa cha mfereji. Nitakieleza kilivyokuwa. Chumvi sitii, maana kinaniumbua mimi mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Mimi ni mtu wa Malindi, kule juu Lushoto. Wakati huo nilikuwa Dar natengeneza website. Soko huria lilikuwa limekolea, kila kampuni inataka website kabla hata haijapata ofisi. Kazi yetu ilikuwa kubishana na wateja wanaotaka logo iwe kubwa zaidi, halafu kubwa zaidi, halafu irudi kama mwanzo.

Nilikuwa na laptop ya mtumba kutoka Kariakoo, betri inakaa dakika ishirini ukiiomba vizuri. Kiunoni navaa simu ya kugusa kioo kwa kijiti, kwenye mfuko wa ngozi. Nilijiona mtu mkubwa sana. Msicheke, na nyie mna picha zenu za zamani.

Basi kiangazi kimoja nikachukua likizo, nikapanda nyumbani.

Kwa wasiojua kwetu: mboga zinazoliwa Dar, nyingi zinatoka milima ile. Kiangazi tunamwagilia kwa mfereji. Juu kuna ndiva, bwawa dogo la udongo, linajaa usiku kucha kutoka kijito. Asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwenye mfereji wa udongo, yanapita shamba kwa shamba mpaka bondeni. Mfereji wetu ulikuwa na wakulima ishirini na mmoja. Ndiva lilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufikia saa sita mchana limekauka.

Aliyegawa zamu aliitwa Mama Hadija, jirani yetu, mama wa makamo, darasa la saba. Alikuwa na daftari la mistari na kalamu ya kamba shingoni. Alikuwa anagawa maji hayo tangu mimi niko sekondari.

Mwaka huo alikuwa anasemwa vibaya. Kinara alikuwa Mzee Shemweta, shamba lake liko juu kabisa, mita chache kutoka kwenye ndiva. Malalamiko yake yalikuwa haya: siku yake wanagawana watu wanne, lakini kuna siku watu wa bondeni wanagawana wawili tu. "Hadija ana watu wake," alisema. Tena anasema msikitini, anasema sokoni Lukozi, anasema hata kwenye harusi.

Mkutano ukaitishwa wa kumwondoa.

Mama yangu alinisimulia haya jikoni kwa masikitiko, maana Mama Hadija ni shoga yake. Na mimi nikafungua mdomo. Nikasema, mama, hilo dogo. Kompyuta haina ndugu wala jirani. Nitatengeneza system itakayogawa sawa kwa wote, na kila mtu atapata SMS jioni kabla ya zamu yake. Hakuna atakayemsema tena.

Nia ilikuwa safi wakuu, hilo naapa.

Nikaenda kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Onga makeo?" Kwetu asubuhi ukishatoa shikamoo lazima uulizwe na hali kwa Kishambaa, hata kama umevaa simu ya kijiti.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na daftari.

"Soma yote," akasema. "Mpaka ya pembeni."

Nikasema sawa mama. Pembeni mwa kila ukurasa kulikuwa na maandishi madogo madogo ya penseli, mengine yamefutika. Nikayaangalia mara moja, nikaona ni uchafu. Wale wa database mnaelewa. Mtu akikupa data, kitu cha kwanza ni kuisafisha. Nikachukua jina, siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Yale ya pembeni sikuyawekea hata column.

Nikapiga hesabu. Watu ishirini na mmoja, siku saba, watatu kwa siku, saa mbili mbili kila mmoja. Ikakaa yenyewe! Nikaona hata Mungu yuko upande wa PHP, lugha niliyokuwa naandikia code. Nani aanze? Nikaandika ORDER BY jina, yaani panga kwa alfabeti. Alfabeti haina upendeleo.

(Kwetu nusu ya watu majina yanaanza na She. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa zikawa za akina She watupu. Nilicheka peke yangu.)

Siku nne kazi ikaisha. Page moja ya kuingiza majina, page moja ya ratiba, na script inayotuma SMS kupitia kitochi, simu ndogo ya vitufe, kilichochomekwa kwenye laptop kwa waya. Waya ule nilihangaika nao kuliko code yote.

Mkutano ulifanyika darasani shule ya msingi. Nikawasha laptop. Nikabonyeza. Simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine, darasa zima, mpaka Mzee Shemweta aliyekuwa hajui kufungua meseji akafunguliwa na jirani. "Zamu yako Jumatano, saa kumi na mbili hadi saa mbili." Watu wakapiga makofi. Minara ya simu ilikuwa ndiyo kwanza imefika vilimani kwetu, na mtoto wa kijiji ameifanya igawe maji!

Mzee Shemweta alinishika mkono hauachii. "Sasa haki imekuja."

Mama Hadija hakupiga makofi wala hakununa. Aliniambia tu, "Basi na mimi nipumzike." Akaondoka na daftari kwapani. Mimi nikajiambia nimemwokoa. Kumbe watu walitoka mle wanasema, mmeona, kompyuta imemuumbua Hadija, alikuwa anaiba kweli.

Wiki ya kwanza nilitembea kijijini kama mbunge.

Wiki ya pili, asubuhi moja, akaja Mama Naomi. Huyu ni mjane, Mlutheri, shamba lake ndilo la mwisho kabisa bondeni. Alikuwa ameshika miche miwili ya koliflawa, imelegea kama mboga iliyokwisha kupikwa.

"Mwanangu Hoza," akasema, "mimi sina ugomvi na kompyuta. Ila maji hayafiki."

Nikafungua laptop. Nikakagua. SMS yake ilitumwa, ikafika, saa mbili zake ziko palepale. Nikamwambia maneno ambayo developer wote duniani wamewahi kuyasema: kwangu inafanya kazi.

Akaniangalia. Akaangalia miche yake. "Haya," akasema, akaondoka.

Wakuu, ile "haya" ilinikaa hapa.

Jioni nikaenda kwa Mama Hadija. Sikwenda kuomba radhi, nisiwadanganye. Nilikwenda kuuliza kama Mama Naomi ni mtu wa kulalamika. Akaiangalia simu kiunoni mwangu. Akasema, "Hiyo simu yako ina saa?"

"Ina saa mama. Ina hata ya kupimia mbio."

"Kesho zamu ya Naomi. Njoo kwenye ndiva na viatu vya maana."

Kesho yake asubuhi, saa mbili juu ya alama, akamaliza mtu wa shamba la juu, ikaingia zamu ya Mama Naomi. Mama Hadija akaniambia nibonyeze saa, halafu akaanza kushuka akiyafuata maji. Sio kuyatangulia, kuyafuata, hatua kwa hatua, mimi nyuma yake.

Sikuwahi kutembea na maji maishani mwangu, mimi mtoto wa pale.

Mfereji kutoka kwa yule mtu wa juu kushuka chini ulikuwa mkavu tangu juzi. Maji yanaingia, yanasimama, udongo unayanywa, ndipo yanasogea kidogo. Hatua kumi, yanasimama tena. Mahali fulani akainama, akachomeka kiganja cha matope kwenye shimo la kaa. "Huyu anahama kila wiki," akasema, kama anayemsema mpangaji. Mahali pengine mfereji unapita kwenye udongo wa kichanga, akanionyesha kwa mguu: hapa ndipo pabaya zaidi. Alijua kila mita. Alijua kona ambayo maji yatakawia kabla hatujaifika, na yakakawia kweli.

Tulipofika shamba la Mama Naomi niliangalia simu. Saa nzima na dakika kumi.

Zamu yake saa mbili. Zilibaki dakika hamsini, halafu mtu mwingine wa juu anafungulia kwake na maji yanakatika.

Mama Naomi alikuwa anamwagilia mbiombio kwa sufuria, ayawahi. Matuta mawili ya mwisho yalikuwa yameshakauka. Koliflawa zile ndizo alizozitegemea msimu ule, na zilikufa kwa sababu yangu.

Tukakaa kwenye ukingo. Mama Hadija akafungua daftari, akaanza kunisomea ya pembeni.

Watu wa bondeni aliwaweka siku moja, wawili, wakifuatana mgongo kwa mgongo, ili mfereji ukishalowa kwa mmoja, wa pili anakuta njia iko tayari. Ndiyo maana siku zao watu walikuwa wachache. Wa juu maji wanayapata papo hapo, saa moja na nusu inawatosha na kumwagika, ndiyo maana walikuwa wanne.

Ijumaa aliwapa Walutheri, Jumapili akawapa Waislamu, mtu asivunjiwe ibada yake. Mimi na alfabeti yangu nilikuwa nimempa muadhini zamu Ijumaa saa nne hadi saa sita.

Mwenye miche michanga aliongezewa robo saa. Mwenye msiba alibadilishiwa zamu, kwa sababu kwetu mkifiwa jembe halishikwi, na akirudi kutoka matangani asikute shamba limekufa.

Yote yale yalikuwa pembeni, kwa penseli. Watu ishirini na mmoja, udongo, kaa, dini, misiba, na hesabu inafunga kila wiki. Mimi niliona uchafu.

Nilimwambia, "Mama, nimekukosea sana."

"Mimi umenitia doa tu, doa linafulika," akasema. "Aliyekaukiwa ni Naomi."

Nikaitisha mkutano mimi mwenyewe. Safari hii sikuja na laptop. Nikasimama nikaeleza: kompyuta haikukosea, imefanya nilichoiambia, na nilichoiambia ni ujinga. Mama Hadija hakuwahi kumpendelea mtu. Alikuwa anatoa maji sawa, mimi nimetoa saa sawa.

Mzee Shemweta akanyanyuka. "Kijana, umelishwa nini kwa Hadija?"

Watu wakacheka. Mama Hadija hakucheka. Akasema taratibu, "Baba, kesho twende ukayafuate maji. Ukirudi bado unasema nina watu wangu, sitashika daftari tena."

Na kesho yake aliyafuata. Nusu ya mkutano ikafuata nyuma yake. Mzee ana fimbo yake, anasimama maji yanaposimama. Mwanzoni alikuwa anaongea. Kufika kwenye kichanga akainama, akaangalia maji yanavyozama. Tulipofika chini, akayagusa kwa fimbo yale matuta mawili makavu.

"Miaka yote hii," akasema, "mimi sijawahi kufika huku."

Akamgeukia Mama Hadija. "Nimekusema mpaka kwenye harusi. Nitakusafisha palepale nilipokusema. Chukua zamu zako, mwanangu."

Mama Hadija akasema hachukui. Kila mtu akashtuka. "Mniulizie Naomi kwanza. Yeye ndiye wa mwisho. Wa mwisho akiridhika, wote tumepata."

Mama Naomi alikuwa ameinama anang'oa miche iliyokufa. Hakuinuka hata. "Nirudishieni Hadija," akasema. "Na hiyo kompyuta mwachieni, inapiga kelele vizuri zamu ikikaribia."

Tulicheka wote, na mimi machozi yalinitoka, siwezi kuficha.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilifuta ule mgawo wangu wote. Ikabaki page moja tu, na laptop nikaiacha nyumbani: Mama Hadija anapanga, mama yangu anaandika, kitochi kinatuma. Nikaongeza column moja, nikaiita "sababu", na nikaifanya isikubali kuachwa wazi. SMS zikawa zinakuja na neno la mwisho: "Zamu yako imepunguzwa, Fulani ana msiba." Malalamiko yaliisha wiki ileile. Kumbe watu hawakuchukia kupungukiwa. Walichukia kutojua kwa nini.

Mzee Shemweta alitoa miche ya koliflawa kutoka kwenye kitalu chake. Aliyeibeba kichwani mpaka bondeni ni mimi, na aliyeipanda matuta mawili yale ni mimi, Mama Naomi amekaa pembeni ananirekebisha nafasi. Mgongo uliniuma siku tatu.

Nimefanya kazi na watu wenye digrii mbili mbili tangu hapo, na wengine ni wazuri kwelikweli. Lakini mtu aliyebeba system nzima kichwani, akaitembelea kwa miguu, akatukanwa kwa ajili yake na bado akamuulizia aliyeko mwisho, nimemwona mmoja tu.

Nilichojifunza: kabla hujasafisha data ya mtu, tembea naye siku moja kazini kwake. Na ukiambiwa "haifanyi kazi", usikimbilie kufungua laptop, vaa viatu.

Haya, na nyie mseme. Nani humu alishawahi kufuta kitu akidhani ni uchafu, kumbe ndiyo kazi yenyewe? Wa Lushoto mkiona nimekosea kwenye mambo ya ndiva nirekebisheni, ila kwa upole, nimeshapigwa vya kutosha.