Mabishano ya Gitaa Niliyoyapeleka Beni

Gitaa la baba lilining'inia ukutani miezi minne bila kuguswa. Hiyo ndiyo sababu iliyonipeleka Beni, ingawa baba mwenyewe alisema naenda kwa ajili ya kabureta.

Baba yangu, Paluku, anatengeneza pikipiki hapa Butembo, mashariki ya Kongo. Gitaa lake alilichonga mwenyewe, na nyuzi zake ni waya za breki ya pikipiki alizofumua moja moja. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anakuja Mwalimu Kabeya, mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, aliyetumwa kufundisha kwetu. Ndiye aliyenifundisha darasa la tano na la sita, na masomo yangu yaliishia hapo. Wakishakaa tu, wanaanza: nani mpiga gitaa mkubwa kupita wote, wa muziki wowote ule? Baba alisema ni marehemu Katembo wa Kipese, aliyepiga peke yake watu wakivuna maharagwe. Mwalimu alisema ni mpiga solo wa orkestra moja ya Kinshasa, ambaye wao walimwita Vidole. Miaka sita hawakumaliza. Hakuna aliyemwachia mwenzake wimbo ufike mwisho. Zikipigwa noti kumi, mwingine ameshaingia na neno lake.

Jumapili ya mwisho baba alishindwa hoja, akakasirika, akasema mbele ya wateja, "Weye ni mutu wa kupita tu. Muziki ya hapa utaijulia wapi?" Mwalimu akamaliza chai yake, akaaga. Wiki iliyofuata alihamishwa Beni, akaondoka bila kupita kwetu, na baba akatundika gitaa.

Siku ya safari, saa moja asubuhi, Butembo ilikuwa bado na ukungu. Baba alinipa kabureta ya mteja wake wa Beni. Halafu, akitazama upande mwingine, akanipa na simu yake. Ndani mlikuwa na wimbo wa Katembo, ambao mtu mmoja wa Kipese aliurekodi zamani.

"Ukifika kwa Mwalimu, umusikilizishe," alisema. "Halafu utaniambia alijibu nini."

Nilielewa kwamba kazi yangu ni kumfanya Mwalimu akubali. Mimi si msemaji, kwa hiyo nilifurahi kwamba simu ndiyo itakayosema.

Tulipofika kijiji cha Maboya tulisimama kununua ndizi. Nilijaribu simu kidogo, na dereva wangu wa pikipiki, Muhindo, akasikia. Aliniuliza ni nani huyo, nikamwambia. Akasema Katembo anapiga vizuri, lakini mkubwa wa wote ni mpiga gitaa wa kwaya ya parokia yao. Siku ya ndoa ya Muhindo, nyuzi mbili zilimkatikia mpigaji huyo katikati ya misa, na hakuna aliyejua, hata padri. Alinieleza habari hiyo kwa kilomita nyingi, akigeuza kichwa nyuma hata kwenye kona, nami nikamwomba kwa upole atazame barabara.

Kwenye barriera, kizuizi cha barabarani, askari aliomba kadi yangu ya utambulisho. Muhindo akamwuliza na yeye anasemaje juu ya magitaa. Askari, aliyetoka Mbandaka, alicheka akasema sisi wote ni batoto. Solo ni ya kufurahisha watu, lakini anayebeba wimbo ni mpiga besi. Alituimbia besi yenyewe kwa mdomo huku kadi yangu ikiwa bado mkononi mwake, na watu watatu nyuma yetu wakaanza kubishana naye.

Baada ya hapo barabara iliendelea kushuka. Mikalitusi ikapungua, mashamba ya kakao yakaanza, nami nikavua sweta.

Beni tuliingia saa tano. Nilipeleka kabureta kwa mwenyewe, kisha nikauliza njia ya kwa Mwalimu. Mkewe, Mama Ngalula, alinipokea kwa fufu na mboga ya sombe, akasema nimekua. Mwalimu alirudi kutoka shuleni saa saba, akauliza habari za nyumbani kwa adabu, akakaa barazani na rundo la makaye ya wanafunzi ya kusahihisha na kalamu ya bic nyekundu. Nikawasha simu.

Alisikiliza wimbo wote. Hakukohoa, hakuinua kidole, hakusema kitu mpaka noti ya mwisho. Ndipo nilipoanza kuogopa.

"Ni muzuri sana," alisema. "Muambie baba yako alishinda. Mutu wa kupita atabishana juu ya nini?"

Akafungua kaye ya mwanafunzi.

Nilikuwa nimepata kile nilichofuata, ningeweza kuondoka. Lakini njiani kila mtu alibishana nami, hata askari mwenye bunduki, na huyu aliyebishana miaka sita hakutaka tena. Nikaona nikirudi na neno hilo, gitaa litabaki ukutani.

"Hapana, Mwalimu," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ndogo. "Baba hakushinda. Vidole njo mukubwa."

Akanitazama. "Juu ya nini?"

Sikuwa nimeandaa sababu. "Juu anapiga mbio."

"Mbio?"

"Na gitare yake ni ya bei."

Ndani, Mama Ngalula alianza kucheka. Mwalimu akaweka bic mezani.

"Nilikufundisha miaka mbili, na hii njo kitu unasema? Lakini ile gitare haikimbie. Inangojea. Muimbaji analia mupaka anamaliza, njo inamujibu. Mutu akisikia weye unamutetea, Vidole amekufa."

"Nimuambie baba vile?"

"Utasahau nusu. Kamata kaye. Andika."

Alinisomea hoja sita. Mimi naandika polepole, na kwa kila neno alinisubiri, kama zamani darasani. Hoja ya nne ilisema kwamba nyuzi za Katembo hazikuwa zimekazwa sawasawa. Aliisema akitabasamu, na akanifanya niiandike mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza haikusomeka vizuri. Saa tisa Muhindo akapiga honi nje.

Butembo tulirudi saa kumi na moja jioni, nikiwa nimevaa sweta tena. Baba alikuwa ananawa mafuta mikononi. Nilifungua kaye, nikasoma. Hoja tatu za kwanza alizisikiliza ameinamisha kichwa. Kwenye ya nne akasema, "Huyu mutu hana masikio," akajifuta mikono, akashusha gitaa.

Nilikwenda Beni kutafuta mshindi. Nilichojifunza ni kwamba baba hakumtaka mshindi hata siku moja. Alimtaka Mwalimu wa kila Jumapili.

Baba akaniambia nikae.

"Kamata bic. Andika pole pole, usiruke kitu. Mwalimu, weye hauko mutu wa kupita."

Akakaza uzi mmoja, akaupiga, akausikiliza.

"Umeandika?"

"Ndiyo, baba."

"Bon. Sasa andika: hoja namba ine, unadanganya."