Kebo ya Chaja Nne

Kabla ya kazi ya Kanduyi, riziki yangu ilitoka kwenye mashine za kusaga mahindi. Nimezifungia stima kutoka Kitale mjini hadi Saboti, na nikisema nazijua, sijivuni. Mashine tatu kwenye kibanda kimoja hazifanyi kazi pamoja siku nzima. Mteja akija, moja inasaga na mbili zinapumzika. Kwa hiyo ukishajumlisha mzigo wa stima wa zote, unaupunguza karibu nusu, ndipo unachagua unene wa kebo. Mafundi wengi wa huku hufanya hivyo, nami nilikuwa nimefanya mara nyingi hadi sifikirii tena.

Kanduyi, pale Bungoma, kulikuwa na ghala la mahindi lenye foklifti nne za betri, yale magari ya kuinulia magunia. Kila foklifti ilikuwa na chaja yake, na kila chaja ilivuta ampea kumi na tano. Nilitakiwa kupitisha kebo moja kutoka bodi kuu ya stima hadi chumba cha chaja. Leseni yangu haikuruhusu kazi kubwa hivyo, kwa hiyo sahihi iliwekwa na mwalimu wangu wa ufundi, mzee wa Bungoma aliyenifundisha kushika plaisi nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Hakuangalia hesabu zangu.

"Si ni mimi nimekufundisha?" alisema, akatia sahihi.

Kazi ingeharibika, leseni ambayo ingechukuliwa ni yake.

Jumla ilikuwa ampea sitini. Nikapunguza nusu kama kawaida yangu, nikaweka kebo ya milimita sita na swichi ya kukata stima ikizidi arobaini.

Miezi miwili baadaye nilipita pale Jumamosi saa saba mchana, nikielekea mazishini Webuye. Madereva wa foklifti walikuwa wanatoka getini wamevaa suti. Huku kwetu Jumamosi ni siku ya kuzika, na kila mtu ana matanga ya kwenda. Wote wanne walikuwa wameegesha saa ile ile, wakachomeka chaja zote, wakaenda zao hadi Jumatatu. Na chaja si mashine ya kusaga. Betri ikiwa tupu, inavuta saa nyingi bila kupumzika.

Niliingia chumba cha chaja, nikaigusa kebo, nikaondoa mkono upesi. Ganda lilikuwa limeanza kulainika, na magunia yalikuwa hatua chache kutoka hapo. Nilizima kila kitu, nikamuuliza msimamizi wa ghala kwa nini swichi haikukata.

"Ilikuwa inakata kila Jumamosi, bana. Tukaita fundi mwingine akaweka kubwa, sasa haikati."

Nakiri nilifurahi kidogo. Mtu wa kulaumiwa alikuwa amepatikana, na hakuwa mimi. Lakini swichi yangu ilikuwa ikikata ili kuilinda kebo nyembamba, na wembamba huo ulitoka kwenye kalamu yangu. Mazishini sikufika. Nilimpigia mzee simu, akaja na bodaboda, akainama kuichunguza ile kebo.

"Nani ameweka hii swichi?"

"Fundi mwingine, Mzee. Lakini kebo ni mimi. Nilipunguza nusu, kama ya kusaga."

Nilitamani anifokee.

Jumatatu tuliing'oa, tukaweka ya milimita ishirini na tano. Safari hii nilihesabu chaja zote nne bila kupunguza chochote, nikaongeza robo juu kwa sababu mzigo unadumu. Nikampelekea mzee fomu mpya ya sahihi.

"Reta kalatasi ya hesabu kwanza," alisema kwa lafudhi yake ya nyumbani.

Alipita kila mstari kwa kidole, akajumlisha upya pembeni kwa mkono wake, nami nimesimama mbele yake nikingoja. Hesabu zilikuwa sawa. Akatia sahihi, akanirudishia fomu. Iliniuma, na bado inaniuma. Tangu siku hiyo, hata nikifunga soketi mbili tu, ananiomba hesabu kabla hajashika kalamu.