Mpiga Mistari

Jumapili, 14 Mei 1995. Manyunyu asubuhi, jua mchana.

Mpiga mistari wa uwanja wa mpira Ifakara huchora kwa majivu ya pumba za mpunga, akirudi kinyumenyume, akihesabu hatua kwa kunong'ona. Reli na Mto, timu mahasimu, kila moja humwita mtu wake. Yeye hucheka tu. Siku hiyo ya fainali Mto waliongoza moja bila. Dakika ya mwisho mpira ukanasa topeni golini kwao, mstari umeshafutwa na miguu. Refa akamwita mpiga mistari aonyeshe ulipokuwa.

“Sema umevuka, mzee, tutakupa jogoo!” Reli wakapiga kelele.

Akapiga magoti, akapapasa majivu kwa kidole.

“Haujavuka.”

Reli wakamzomea hadi kwake.

Kesho yake asubuhi alifua fulana yake kuukuu ya Reli, akaianika upande wa barabarani.